Adapta ya Pedi za PlayStation 2 kwa Sega Mega Drive Kutoka kwa Fundi wa Mlandege: Toleo la Kwanza na la Pili

Mwenye mashine ya gemu ya Sega Mega Drive inayowaka hadi leo katika mji wa Zanzibar hupata tabu ya pedi, yaani kile kifaa cha vitufe cha kuchezea, kabla ya kupata tabu ya kitu chengine chochote. Mashine yenyewe, iliyotoka Japani mwaka 1988 na kuingia Ulaya mwaka 1990, ilitengenezwa kwa uimara wa kuridhisha, na zile zilizofika kwetu kutoka Dubai pamoja na televisheni na redio zilizotumika bado zinasoma kaseti zake vizuri, ilimradi meno ya kaseti yasafishwe kwa spiriti kila yanaposhika ukungu wa hewa ya bahari. Pedi hazina umri huo. Mpira ulio chini ya vitufe huchakaa, waya hukatikia kwa ndani pale unapoingia kwenye pedi, na mtoto mmoja mwenye hasira humaliza kilichobaki. Pedi asilia ya kuagiza kutoka nje, ukijumlisha na gharama za kuisafirisha, hukaribia bei ya mashine nzima. Wakati huo huo pedi za PlayStation 2 zimejaa kila pahala, kwa sababu mashine hiyo iliyotoka mwaka 2000 ndiyo iliyolisha mabanda ya gemu ya mitaa yetu kwa miaka mingi, na ingawa Sony ilithibitisha mwezi wa Januari 2013 kwamba imeacha kuitengeneza, pedi za kuiga zinaendelea kuletwa na kuuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu.

Fundi mmoja wa Mlandege, ambaye riziki yake ya kila siku ni simu na rimoti, ameiona nafasi hiyo na kuunda kwa mkono adapta inayoiwezesha pedi ya PlayStation 2 kufanya kazi kwenye Mega Drive. Nimetumia toleo lake la kwanza, nikalirudisha, na sasa ninatumia la pili. Ninaandika kuhusu yote mawili kwa sababu toleo la kwanza bado limo mikononi mwa watu, na hitilafu yake ni ya aina inayoweza kumfanya mtu atupe pedi nzima, au mashine nzima, bila ya kosa.

Kwa umbile, adapta hii ni kisanduku kidogo cheupe cha plastiki, kile kile wanachokitumia mafundi wa umeme wa nyumba kuungia nyaya ukutani. Upande mmoja umetoka waya mfupi wenye soketi ya pedi, uliokatwa kutoka katika waya wa kurefushia pedi za PlayStation. Upande wa pili umetoka waya mrefu wenye plagi ya pini 9 inayoingia kwenye Mega Drive. Ndani mna bodi ya Arduino Nano, kompyuta ndogo inayopangiwa kazi kwa programu, yenye chipu ya ATmega328P inayokwenda kwa megahezi 16. Nililipa shilingi 35,000. Haivutii machoni, na gundi iliyomiminwa kwenye matundu ya waya imefurika hadi nje, lakini nyaya zimefungwa fundo kwa ndani ili mtu akizivuta zisichomoke penye lehemu, na hilo ni jambo ambalo viwanda vingi vya pedi za bei rahisi hawajali kulifanya. Kitu kimoja kinastahiki sifa ya peke yake, nacho ni plagi. Plagi za pini 9 zinazouzwa madukani zina fremu ya chuma yenye skrubu mbili pembeni, na fremu hiyo hugonga ganda la Mega Drive kabla ya pini kuingia sawasawa. Anayeilazimisha hupata adapta inayofanya kazi leo na kukataa kesho. Fundi huyu ameikata fremu kwa tupa na kuisawazisha pembezoni, na plagi yake huingia hadi mwisho.

Toleo la kwanza lilianza kwa kunifurahisha. Mraba ulikuwa A, eksi ikawa B, duara ikawa C, na Start ikabaki Start. Mishale ilijibu kwa wepesi, na hofu yangu kwamba adapta ingeleta uzito baina ya kidole na picha haikuwa na msingi: Mega Drive ya mfumo wa televisheni wa PAL huchora picha 50 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 20, na gemu kwa kawaida huisoma pedi mara moja kwa kila picha, ilhali adapta huisoma pedi ya PlayStation kwa muda mdogo sana kuliko huo. Hakuna mwanadamu wa kuihisi tofauti hiyo.

Hitilafu ilijitokeza taratibu. Katika Sonic the Hedgehog, ambayo A, B na C zote hurusha, mruko wa C mara moja moja uliisimamisha gemu, kama kwamba mtu amebonyeza Start. Mtu angeweza kusema kidole kimeteleza. Katika Streets of Rage, hata hivyo, kila kitufe kina kazi yake: B ni ya kupiga, C ni ya kuruka, na A humwita askari aje na gari lake awalipue maadui wote, msaada ambao hutolewa kwa ubahili na kwa hivyo huwekwa akiba kwa ajili ya jitu la mwisho wa hatua. Kwa adapta hii, mchezaji aliyekuwa akipiga ngumi za kawaida kwa B alimwona askari amekwisha wasili bila ya kuitwa. Watoto wa nyumbani walicheka mno. Aliyekuwa ameshika pedi hakucheka. Hitilafu ilikuwa na mpangilio unaotia shaka: B iligeuka A, C iligeuka Start, na haikutokea hata mara moja B ikageuka C, au mshale wa juu ukageuka chochote. Waya uliolegea hauchagui hivyo.

Ili kuelewa kosa lilipo ni lazima kujua pedi ya Mega Drive inavyozungumza na mashine yake. Plagi ina pini 9, mpangilio uliorithiwa kutoka kwa mashine ya gemu ya Atari ya mwaka 1977, lakini vitufe vya pedi ya kawaida, pamoja na mishale minne, ni vinane, na baada ya kutoa pini ya umeme, pini ya ardhi na pini ya mashine kuulizia, zimebaki pini 6 tu za kujibia. Sega waliutatua ugumu huo kwa kuuliza mara mbili. Pini ya 7 ndiyo ya kuulizia. Inapokuwa juu, yaani volti 5, pini ya 6 hujibu kuhusu B na pini ya 9 hujibu kuhusu C, huku pini za 1 hadi 4 zikitoa juu, chini, kushoto na kulia. Inaposhushwa hadi sifuri, pini ya 6 hugeuka kuwa ya A, pini ya 9 hugeuka kuwa ya Start, na pini za 3 na 4 hushushwa zote mbili kwa pamoja, jambo lisilowezekana kwa mishale ya kawaida, ili mashine itambue kwamba iliyochomekwa ni pedi ya Mega Drive na si kijiti cha zamani cha Atari. Baina ya kuishusha pini ya 7 na kusoma majibu, gemu nyingi hungoja kiasi cha mikrosekunde moja au mbili tu. Ni kama mwalimu anayeita majina darasani kwa haraka: mwanafunzi atakayeitika baada ya jina lake kupita, sauti yake huandikwa kwenye jina la mwenzake.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Katika toleo la kwanza, programu iliyomo ndani ya Arduino ndiyo iliyokuwa ikiitazama pini ya 7 na kubadilisha majibu. Chipu ya megahezi 16 hutekeleza maagizo kama 16 kwa kila mikrosekunde, idadi inayoonekana kubwa mpaka mtu ahesabu kile inachotakiwa kufanya: kuacha ilichokuwa ikikifanya, kuhifadhi hali yake, kutambua kilichobadilika, kisha kuandika majibu mapya kwenye pini. Kwa programu iliyoandikwa kwa njia ya kawaida ya Arduino hizo ni mikrosekunde kadhaa, na mashine imekwisha soma na kuondoka. Ubaya ulizidi pale chipu hiyo hiyo ilipokuwa katikati ya kuisoma pedi ya PlayStation, kwani wakati huo programu ilizuia kukatizwa hadi imalize. Mashine ilipouliza kuhusu A na Start, ilikuta kwenye nyaya majibu ya B na C yaliyokuwa hayajaondolewa. Ndiyo maana B iligeuka A na C ikageuka Start, na ndiyo maana mishale ya juu na chini, ambayo haibadiliki kwa swali lolote, haikupata kuharibika.

Kumfikisha fundi kwenye maelezo hayo kulichukua muda, na hapa ndipo ninapoweza kusema jambo kuhusu huduma yake. Aliipokea adapta bila ya kinyongo, akaifungua mbele yangu na kuipima kwa mita. Aliunganisha pini ya 7 na ya 8, ambayo ni ardhi, na pini za 3 na 4 zikashuka kama inavyotakiwa. Alibonyeza mraba, pini ya 6 ikashuka. Aliachanisha pini ya 7 na ya 8, akabonyeza eksi, pini ya 6 ikashuka tena. Kila kipimo kilikuwa sahihi. "Maalim," aliniambia kwa upole wa mtu aliyekwisha kata shauri, "mita haina jamaa." Ninamuelewa. Kipimo chake kilikuwa cha kweli, lakini kilikuwa kipimo cha hali iliyotulia, na mita ya mkononi haiwezi kuona jambo linalotokea kwa mikrosekunde mbili na kutoweka. Yeyote mwenye toleo la kwanza ajue kwamba litafaulu mtihani wa mita kila siku na litaendelea kumwita askari.

Kilichomgeuza ni taa nyekundu ya pedi. Pedi ya PlayStation 2 ina kitufe cha Analog katikati. Taa yake ikiwa imezimwa, mazungumzo baina ya adapta na pedi huwa ya baiti 5. Ikiwashwa, pedi hujitambulisha kwa namba nyengine, huongeza hali ya vijiti viwili vya vidole gumba, na mazungumzo hurefuka hadi baiti 9. Nilimwonesha kwenye televisheni ya dukani kwake kwamba taa ikiwaka, gemu ilisimama ovyo mara nyingi zaidi kuliko ikiwa imezimwa, kwa pedi ile ile, waya ule ule na bila ya mtu kugusa plagi. Lehemu mbovu haiwezi kujua kama taa imewaka. Kilichobadilika kilikuwa ni muda peke yake. Alinyamaza, akacheza mwenyewe kwa kitambo, kisha akasema, "Basi hii iache kwangu, maalim. Hii si ya waya, hii ya kuchelewa."

Toleo la pili limetatua tatizo hilo kwa namna ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo sababu ya kuinunua adapta hii badala ya kujitengenezea kwa kufuata mchoro wowote wa kupita. Fundi hakujaribu kuiharakisha programu. Aliongeza chipu moja ndogo ya 74HC157, ambayo ni swichi nne za umeme ndani ya ganda moja, kila swichi ikichagua moja kati ya njia mbili kwa amri ya pini moja. Hesabu inakubaliana bila ya kubaki kitu: swichi ya kwanza huchagua baina ya A na B, ya pili baina ya Start na C, ya tatu baina ya ardhi na kushoto, ya nne baina ya ardhi na kulia. Pini ya 7 ya mashine sasa inaiamuru chipu hiyo moja kwa moja, na chipu hubadilika kwa muda usiofika hata sehemu ya kumi ya mikrosekunde. Kazi ya Arduino imepungua na kuwa nyepesi: huisoma pedi ya PlayStation kwa nafasi yake na kuweka hali ya vitufe sita mlangoni mwa 74HC157, na ya mishale ya juu na chini moja kwa moja kwenye pini za 1 na 2, na ikichelewa kidogo hakuna anayedhurika. Hiyo ndiyo chipu iliyomo ndani ya pedi asilia za Sega zenye vitufe vitatu, na fundi aliitoa katika pedi iliyopasuka ganda iliyokuwa imelala kwenye kopo lake la vyuma. Tangu hapo askari wa Streets of Rage haji ila kwa kuitwa, taa iwe imewaka au imezimwa.

Kasoro za toleo la pili ni ndogo lakini zipo. Ya kwanza huonekana wakati wa kuwasha. Arduino huchukua muda mfupi kuamka, na katika muda huo pini zake hazijashika upande wowote, kwa hivyo milango ya 74HC157 huelea na mashine huona vitufe vimebonyezwa na mtu asiyekuwepo. Gemu nyingi wakati huo ziko kwenye nembo ya Sega na hazidhuriki, ila baadhi yake huirukia menyu kabla mtu hajaketi. Dawa yake ni resista za kiloomu 10 kutoka katika kila mlango hadi volti 5, ili kimya kimaanishe kwamba hakuna kilichobonyezwa. Fundi alinitilia bila ya kudai malipo, lakini nimeona adapta nyengine ya toleo hilo hilo isiyokuwa nazo, kwa hiyo anayenunua aulize.

Ya pili inahusu pedi za kuiga, na inahitaji maelezo zaidi kwa sababu wengi huilaumu pedi. Mega Drive inatoa volti 5, lakini pedi ya PlayStation hufanya kazi kwa volti 3.3 au juu yake kidogo, na adapta ina kishusha volti chake cha AMS1117 kwa kazi hiyo. Tatizo liko kwenye safari ya kurudi. Laini ya data ya pedi haisukumi juu; hujua kuvuta chini tu, na ikiachia, kinachoirudisha juu ni resista iliyoungwa kwenye volti 3.3. Kwa upande wake, ATmega328P inayolishwa volti 5 haihesabu kwamba laini iko juu mpaka ifike volti 3.0. Nafasi iliyobaki ni volti 0.3. Pedi yenye waya mfupi na viungo safi hupita hapo. Pedi ya kuiga yenye waya mrefu, au soketi iliyoanza kushika kutu ya kijani, huchelewa kupanda au haifiki kabisa, na adapta husoma vitufe ambavyo havikubonyezwa. Adapta yangu ilikuja na resista ya kiloomu 10 pahala hapo. Ilipobadilishwa kwa ya kiloomu 1, laini ilipanda kwa kasi zaidi na pedi mbili za kuiga zilizokuwa zikisumbua zikatulia. Anayeishi karibu na pwani, na katika mji huu ni nani asiyeishi karibu na pwani, asafishe soketi kwa spiriti kwanza kabla ya kumwendea fundi kwa jambo hili.

Kuna pia malalamiko ambayo si kosa la adapta kamwe, ya mchezaji kutembea kwenda kushoto peke yake. Pedi zilizotoka kwenye mabanda ya gemu zimeshikwa na mikono mingi, na kijiti cha kushoto hakirudi tena katikati. Kijiti kilichotulia kinatakiwa kutoa namba 128 au karibu yake, kati ya 0 na 255. Kilichochakaa hutoa 100 au chini ya hapo hata kikiachwa, na adapta, ambayo hugeuza kijiti kuwa mishale, hudhani mtu anakwenda kushoto. Kuzima taa nyekundu humaliza shida papo hapo, kwani Mega Drive haina gemu inayohitaji kijiti hicho. Anayekipenda kijiti anaweza kumwomba fundi apanue eneo la katikati ambalo adapta hulipuuza; huichomeka Arduino kwenye kompyuta na kuibadilisha namba hiyo wakati mteja anangoja. Ameniasa, na ninalipitisha onyo hilo kama lilivyo, kwamba mtu asiuchomeke waya wa kompyuta wakati adapta bado imo kwenye Mega Drive inayowaka, kwani umeme utaingia kutoka pande mbili.

Mipaka ya kifaa hiki ijulikane kabla ya fedha kutoka mfukoni. Adapta huiga pedi ya vitufe vitatu peke yake. Pedi ya vitufe sita iliyotoka mwaka 1993 ina adabu nyengine: huhesabu ni mara ngapi pini ya 7 imepanda na kushuka mfululizo, na katika zamu ya tatu huanza kutoa X, Y, Z na Mode, kisha hujisahau baada ya kiasi cha milisekunde moja na nusu za kimya. Chipu ya 74HC157 haijui kuhesabu. Kwa hiyo mwenye Street Fighter II atabaki kubadilisha ngumi na mateke kwa kitufe cha Start kama wafanyavyo wenye pedi ya vitufe vitatu, na ikiwa mapigano ndiyo aliyoinunulia mashine, fedha zake azielekeze kwengine. Pedi zisizo na waya nazo zimenikatalia: kipokezi chake kiliwaka na kuzimika. Mtetemo haupo, kwani mota za pedi hutaka volti zaidi ya 7 ambazo Mega Drive haizitoi kwenye plagi yake, wala gemu zake hazijui mtetemo ni nini.

Shemeji yangu aliyeko Wete aliagiza ya kwake, ikapakiwa melini Malindi na kuteremshwa Mkoani, na ilipofika haikuwa na Start wala C. Vitufe vyengine vyote vilikuwa salama. Kwa aliyesoma maelezo ya juu, jibu liko wazi: Start na C zinashirikiana pini ya 9, na pini hiyo ilikuwa haina waya. Fundi alikuwa ameishiwa na nyaya zake za kawaida akatumia waya wa kompyuta wa zamani wa pini 9, na baadhi ya nyaya hizo huachwa bila ya mshipa wa tisa kwa sababu kompyuta nyingi hazikuuhitaji. Shemeji alithibitisha kwa mita akiwa kwenye simu na fundi: pini ya 9 ilikuwa imekatika mwanzo hadi mwisho. Aliletewa waya mwengine kwa meli iliyofuata bila ya malipo, akalehemiwa na fundi wa redio wa hapo hapo Wete. Ninalitaja kwa sababu kosa hilo lingegunduliwa Mlandege kama kila kitufe kingejaribiwa kabla ya kufunga mzigo, na kwa mteja wa Pemba kosa dogo la namna hiyo ni gharama ya siku nyingi za kungoja. Nimemshauri awe anaijaribu kila adapta kwa Streets of Rage. Alisema atafanya, na ninatumai anafanya.

Kuhusu muamala kwa jumla, fundi ni mkweli na hasumbui. Haandiki risiti wala dhamana, ila neno lake la kukubali kurudishiwa kitu kibovu amelitimiza kwangu na kwa shemeji. Kazi za simu humjaa asubuhi, na anayemwendea kwa ajili ya adapta hupata nafasi nzuri zaidi baada ya Alasiri. Baina ya bei yake na bei ya kuagiza pedi asilia kutoka nje hakuna haja ya kujadili sana: adapta ni rahisi zaidi, na ikiharibika kuna mtu wa kuifungua. Pedi asilia inabaki kuwa bora kwa mkono, mishale yake ina ulaini ambao ya PlayStation haina, na anayeweza kuipata ikiwa nzima asiiache kwa ajili ya kisanduku hiki.

Kwa mwenye toleo la kwanza, fundi analibadilisha kwa kuongeza chipu kwa shilingi 10,000, maadamu 74HC157 za akiba hazijamwishia. Mwenye pedi ya Sega iliyokufa ampelekee hiyo, na bei hushuka. Anayenunua sasa aitake adapta ya toleo la pili, kisanduku kifunguliwe mbele yake ili aione chipu yenye miguu 16 kando ya Arduino, aulize kuhusu resista za kuamkia, na achukue pedi yake mwenyewe aijaribu pale pale taa ikiwa imewaka, kwa sababu pedi ya fundi ni ya Sony, ina waya mfupi, na haijawahi kukataa kitu chochote.